Damu Changa ya Mpunguzi

Evodia alijua kwamba baba mkwe wake ameacha dawa kabla mtu yeyote hajamwambia. Alijua kwa sababu mzee hakutokea dukani.

Duka la dawa la Evodia lilikuwa Majengo, mjini Dodoma, jirani na wauza mahindi na alizeti. Kila mwisho wa mwezi Mzee Bartolomayo Ndahani alikuwa akishuka basi la kutoka Mpunguzi, anazunguka sokoni akiuliza bei za vitu asivyokusudia kununua, kisha anaingia dukani kofia mkononi. "Mama Tumsifu, nipe vile vinyonge vyangu," angesema. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vidogo kama punje za mtama, na yeye aliona havina hadhi ya kuitwa dawa. Lakini alivimeza kila siku, na presha ilitulia.

Mwezi ule hakuja. Mwezi uliofuata hakuja pia.

"Labda anachukua kwingine," alisema Ernest, mumewe Evodia. Ernest alikuwa ofisa wa wizara kule Mtumba, mtu mwenye sauti nzito mbele ya wageni na sauti nyembamba mbele ya baba yake.

"Anachukua kwingine wakati mimi nampa mkononi? Mpigie umuulize."

Ernest akajikuna shingo. "Mpigie mama," alisema.

Mama mkwe, Loisi, alipokea simu, akasikiliza. Evodia alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Mwanangu, njoo Jumamosi," Loisi alisema kwa sauti ya chini. "Njoo na ile mashine yako ya kupimia. Baba yako siku hizi ana dawa nyingine, na hataki kusikia neno."

Jumamosi asubuhi Evodia alitoka nyumbani kwake mtaa wa Kikuyu, akapanda bajaji hadi stendi, na kabla jua halijakolea alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya wakwe zake Mpunguzi, akitazama bango lililobandikwa mlangoni. Kwenye bango lile Mzee Bartolomayo alikuwa akitabasamu meno yote, ameshika chupa yenye kimiminika chekundu. Juu yake yaliandikwa maneno makubwa: DAMU CHANGA, NGUVU YA ZABIBU. Chini yake: *Mimi ni shahidi*.

"Mabango haya ameyabandika hadi kanisani," alisema Loisi nyuma yake. "Mchungaji ameyabandua, yeye amerudia."

Loisi alimweleza yote wakiwa jikoni. Msimu uliopita wenye viwanda vya mvinyo walisema matangi yao yamejaa. Wakulima wakabaki na zabibu zikining'inia, kwanza zikasinyaa, kisha zikaoza, nyuki na nzi wakafanya sherehe. Bartolomayo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alikuwa akienda shambani na kurudi bila kusema kitu. Ndipo akaja huyo Ludovick. Kijana mtanashati, mpole, anamwamkia kila mtu mzima aliyekutana naye. Akawakusanya wakulima, akawaambia kwamba ndani ya ganda la zabibu nyekundu mna kitu kinaitwa resveratroli, kwamba wataalamu wa nje wamekichunguza, kwamba kinazibua mishipa, kinashusha presha na kumrudishia mtu ujana. Yeye atanunua zabibu zao zote nyekundu za msimu huu, atengeneze mvinyo mzito, auze kama dawa; chupa za mwanzo alikuja nazo.

"Wewe hujui walivyokuwa wakisemwa," Loisi aliongeza, akigeuza viazi kwenye sufuria. "Miaka yote wanaambiwa wanalima kilevi. Leo mtu anawaambia wanalima tiba. Baba yako alirudi siku ile anatembea kama bwana harusi."

Evodia alielewa. Na kwa sababu alielewa, kazi iliyokuwa mbele yake ilizidi uzito. Angekuwa mteja tu wa dukani angemkemea. Lakini huyu alikuwa baba mkwe, na mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe akamwambia amekosea.

Alimkuta shambani, anapita katikati ya mistari ya mizabibu akiinua majani na kuchungulia vichala. Zabibu zilikuwa zimeanza kuiva, nyeusi kwa wekundu, zimefunikwa unga mwembamba kama vumbi. Evodia akapiga goti kama alivyolelewa kwao Muleba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama Tumsifu. Naona umekuja na kisanduku. Nani amekutuma?"

"Nimejituma."

Mzee akacheka. "Loisi ana mdomo. Haya, inuka. Wewe umesoma mambo haya, nijibu. Hiyo resveratroli ipo ama haipo?"

Evodia angeweza kusema haipo, mambo yakaisha. Baadaye wako watu waliomwambia kwamba angefanya hivyo. Lakini alimheshimu sana mzee yule, hakuweza kumdanganya.

"Ipo, Baba."

"Iko wapi?"

"Kwenye ganda la zabibu nyekundu. Mzabibu hujitengenezea wenyewe ukivamiwa na ukungu, ni kinga yake. Na kwenye mvinyo mwekundu ipo, ila kidogo."

"Na wataalamu wameipima?"

"Wameipima. Kwa panya imefanya mambo mazuri. Kwa binadamu bado wanabishana. Wengine wameona faida ndogo, wengine hawakuona kitu. Na panya wale walipewa nyingi, Baba. Ukiitafuta kiasi kile kwenye mvinyo itabidi unywe mapipa, na pombe itakumaliza kabla hujaifikia. Tena pombe yenyewe hupandisha presha."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo. Evodia akaanza kupata matumaini.

"Kwa hiyo ipo," alisema Bartolomayo.

"Ipo."

"Basi." Akageuka, akaendelea kuinua majani.

Evodia alibaki amesimama na kisanduku chake. Akamfuata tu, mstari baada ya mstari, mpaka akaona kwamba mstari mmoja ulikuwa umefungwa vitambaa vyekundu kwenye nguzo zake, na uliofuata haukufungwa kitu.

"Hivi vitambaa ni vya nini, Baba?"

Uso wa mzee ukafunguka. Hapo ndipo alipopenda kuulizwa. "Hii ni dawa mpya ya ukungu. Walikuja wauzaji, wakaisifu hadi mate yakawakauka. Mimi sinunui dawa kwa maneno ya muuzaji, mama Tumsifu. Napulizia mstari mmoja, wa pili nauacha na ile dawa yetu ya zamani. Udongo ule ule, maji yale yale. Baada ya muda nakuja naangalia majani. Majani hayana mjomba."

"Na umeona nini?"

"Ya zamani ni bora. Hii mpya ni rangi tu."

Evodia akavuta pumzi. "Sasa kwa presha yako, Baba, mstari wa pili uko wapi?"

Bartolomayo alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Evodia akashusha macho, akajilaumu, akaanza kutafuta namna ya kuomba radhi. Kisha mzee akavuta kreti tupu, akalipindua, akakaa juu yake, akakunja mkono wa shati.

"Pima," alisema.

Evodia akamfunga mkanda. Mashine ikanguruma, ikalegea, ikatoa namba. Mia na tisini na nne, juu ya mia na kumi na mbili.

"Mashine yako imeharibika," alisema mzee.

"Inawezekana." Akajipima mwenyewe mbele yake; alikuwa sawa. Akamwita Loisi kutoka nyumbani, akampima. Loisi alikuwa sawa. Akampima Yoramu, katibu wa kikundi, aliyekuwa akipita na baiskeli kwenye njia ya kando. Naye alikuwa sawa, na akauliza kuna nini, hakujibiwa. Akamrudia mzee. Namba zikatoka karibu zile zile.

Upepo ulipita kwenye majani. Loisi alishika mdomo wake kwa kanga.

"Huu ndio mstari wa Damu Changa, Baba," Evodia alisema polepole. "Umeinywa peke yake miezi hii. Sasa naomba mstari wa pili. Vidonge, bila chupa. Mpaka Nanenane."

"Nikiona hakuna tofauti?"

"Nitalibandika bango lako dukani kwangu, juu ya mlango."

Mzee akacheka kwa pua. Lile dau lilimpendeza. "Sawa. Ila mashine inabaki hapa. Nitapima mwenyewe. Na matokeo ni yangu, sitaki mtu aniulize."

"Na Jumatatu unakwenda kumwona daktari, Baba. Namba hizi si za kukaa nazo. Ukihisi kichwa kinagonga, au mkono unakufa ganzi, au ulimi mzito, hapo hatungoji Nanenane, ni siku hiyo hiyo."

"Nimekubali. Usinizike."

Jumatatu alikwenda. Daktari alimgombeza, akamwongezea dozi, akamkataza pombe. Evodia aliyapata hayo kutoka kwa Loisi. Zaidi ya hapo hakupata kitu. Kila alipopiga simu, Loisi alimwambia jambo lile lile: "Anapima, anasonya. Anapima tena. Anaondoka na mashine kwapani. Mimi mwenyewe hanionyeshi."

Wiki moja kabla ya maonyesho ya wakulima ya Nanenane, Ludovick aliingia dukani Majengo. Alikuwa kama alivyosimuliwa: shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa juu ya vumbi la soko. Akamsalimia Evodia kwa adabu, akaweka chupa mbili kaunta.

"Dada, wewe ni mtu wa nyumbani. Mzee Bartolomayo ndiye uso wetu. Atatoa ushuhuda wake jukwaani, viwanja vya Nzuguni, mbele ya watu wote. Ningependa wakitoka pale waikute Damu Changa kwenye rafu zako."

"Hii si dawa," alisema Evodia. "Haijasajiliwa, na haishushi presha."

"Resveratroli ipo. Unabisha?"

"Sibishi. Ipo. Ila wewe unauza kitu kingine. Unauza ahadi ambayo hata wanaoichunguza hawajathubutu kuitoa. Na kuna mtu ataacha vidonge vyake kwa ajili ya chupa hii. Pengine ameshaacha."

Ludovick hakukasirika. Aliegemea kaunta, na sauti yake ikawa ya mtu aliyechoka. "Dada Evodia, mimi ndiye niliyeahidi kununua zabibu zile. Nisiponunua, zitaozea shambani kama mwaka jana. Utakwenda Mpunguzi kuwaeleza wewe?"

Ludovick alichukua chupa zake, akaaga vizuri, akaenda. Siku zilizofuata Evodia alihudumia wateja huku akili iko kwingine, akiwaona wale wazee wa kikundi, akiona zabibu zile nzuri zenye unga juu. Akaanza kujiuliza kama alikuwa anaokoa mtu mmoja kwa kuwatosa wengi. Ernest alimwona hali chakula. "Baba akisimama pale akasema uongo," alimwambia, "utafanya nini?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui," alisema Ernest. Lakini asubuhi ya siku yenyewe aliomba ruhusa kazini, akambeba mtoto wao Tumsifu begani, wakaenda wote.

Viwanja vya Nzuguni vilikuwa vimefurika. Vumbi lilipanda, spika zilishindana, wanafunzi walipita makundi kwa makundi wakitazama mafahali na matrekta. Banda la Damu Changa lilikuwa na jukwaa lake, limezungushiwa makreti ya zabibu za Mpunguzi kama mapambo, vichala vikubwa vikimeremeta juani. Wakulima wa kikundi walikuwa wamekaa mbele na nguo zao za kanisani. Yoramu alikuwa ameshika zeze.

Ludovick alizungumza vizuri. Alizungumza habari za moyo, za mishipa, za wazee wa ng'ambo wanaofika miaka mingi na glasi mkononi. Watu walisogea. Kisha akasema, "Msiniamini mimi. Mwaminini huyu," na Mzee Bartolomayo akapanda jukwaani, koti jeusi, kofia, fimbo ambayo hakuihitaji.

"Mbukwenyi!" aliwasalimia.

"Mbukwa!" uwanja ukaitikia, hata wasiokuwa Wagogo.

"Mimi ni Bartolomayo Ndahani wa Mpunguzi. Mmeniona kwenye mabango. Nimeitwa nitoe ushahidi wa damu yangu." Akatafuta kwa macho kwenye umati. "Lakini mimi ni mkulima. Sipendi maneno, napenda majani. Mkamwana wangu yuko hapa. Mama Tumsifu, panda juu."

Evodia alikuwa hajawahi kusikia mzee wa Kigogo akimwita mkamwana wake mbele ya watu namna ile. Hakujua ameitiwa nini. Hakujua ile mashine imekuwa ikisema nini wiki zote zile.

"Nenda," alisema Ernest sikioni mwake. "Mkigeukiwa na watu wale, mimi nitapanda."

Evodia akampanulia macho. Kisha akapanda.

Mzee alikuwa ameshatoa mashine kwenye mfuko wa koti. Akakaa kwenye kiti, akavua koti, akanyoosha mkono. "Nipime," alisema kwenye kipaza sauti, "na usome kwa nguvu."

Evodia alifunga mkanda. Uwanja ukatulia, mashine ikanguruma, na mngurumo wake ukapita kwenye spika kama wa nyuki mkubwa. Ikalegea. Evodia akatazama, akatazama tena.

"Mia na ishirini na nane," alisoma, kisha akarudia kwa nguvu. "Mia na ishirini na nane, juu ya themanini na mbili. Ni nzuri. Ni nzuri kabisa."

Makofi yalipasuka. Ludovick aliruka mbele, uso umewaka furaha ya kweli, akainua chupa juu. "Mmeona! Mmesikia kwa masikio yenu! Hii ndiyo Damu Changa!"

Mzee Bartolomayo alisimama, akamgusa bega, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake taratibu kama mtu anayempokea mtoto mzigo.

"Ngoja, mwanangu," alisema. "Hiyo chupa sijaionja tangu zabibu zilipoanza kuiva."

Makofi yalififia. Mtu mmoja akacheka, akanyamaza.

"Niliinywa. Nilikuwa naipenda, ni tamu. Niliinywa asubuhi na jioni, nikaacha vidonge vya hospitali, nikawaambia nyote nimepona. Mkamwana wangu akaja na hii mashine, presha yangu ilikuwa imepanda hadi mke wangu akalia. Nikasema, basi, nifanye kama ninavyofanya shambani. Mstari mmoja Damu Changa, mstari mwingine vidonge. Nimepima kila siku. Nilitamani sana chupa ishinde. Mungu anajua nilivyotamani." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya vidonge, akaiinua ikametameta juani. "Vimeshinda hivi vinyonge."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, hakuna aliyejua kwa nini, pengine naye alikuwa na mgonjwa nyumbani. Kicheko kikaanza, makofi yakafuata, safari hii mazito zaidi kuliko ya kwanza. Wakulima wa mbele hawakupiga makofi. Walikuwa wanamtazama mwenyekiti wao kama mtu aliyechoma ghala.

"Sasa hizo zabibu zenu ni za nini?" mtu akapaza sauti kutoka kwenye umati.

Evodia alifumba macho. Lile ndilo swali lililomkosesha usingizi.

Bartolomayo aliinama, akachukua kichala kikubwa kutoka kwenye kreti, akakipangusa kwa kiganja, akang'ata zabibu moja kwa moja kwenye kikonyo. Akatafuna. Maji yakamchuruzika kidevuni, akayafuta.

"Za kula!" alisema. "Tangu lini tunda likalazimika kutibu mtu ndipo liheshimiwe? Embe linatibu nini? Tikiti linatibu nini? Nimelima zabibu ujana wangu wote na uzee wangu wote, na nimekuwa nikiona haya. Mara ni kilevi, mara ni dawa. Hii ni zabibu ya Mpunguzi! Ni tamu kwa jua la Dodoma! Njooni muonje, na asiyeipenda aniambie mimi usoni!"

Akashuka jukwaani na kreti kifuani.

Yoramu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Aliweka zeze chini, akabeba kreti la pili. Wengine wakafuata, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa mbio, maana watu walikuwa wamekwisha kuwazingira. Walionja, wakanunua, waliokwisha kununua wakaita wenzao. Wanafunzi walichukua vichala wakala wakitembea, midomo imegeuka zambarau. Mapambo yote ya jukwaa yaliliwa kabla ya saa ya chakula cha mchana, na Yoramu akatumwa Mpunguzi na lori la kukodi kuleta makreti mengine. Alirudi limejaa, nalo likaisha. Mwanamke mmoja aitwaye Mwanasha, mwenye genge la juisi karibu na chuo, alikunywa maji ya zabibu zile zilizokamuliwa kwenye kikombe tu, akafumba macho, akasema, "Niletee kila wiki. Nani kiongozi wenu?" Alipomaliza kuandikiana nao namba za simu, akawapigia wauza juisi wenzake pale pale. Kabla ya jioni wakulima walikuwa wakibishana, kwa furaha, kama zabibu zilizobaki shambani zitatosha.

Evodia hakuyaona mengi ya hayo. Kilichompata yeye ni foleni. Mama mmoja alimvuta nguo akiwa anashuka jukwaani, akamwomba ampime, mumewe akafuata, na wengine nyuma yake. Ernest akamletea kiti na meza, akavua koti lake la ofisini, akasimama kuwapanga watu kwa ile sauti yake nzito, nayo kwa mara ya kwanza ilikuwa na kazi ya maana. Wengi walikuwa wazima. Wachache hawakuwa, nao aliwaandikia waende kliniki gani na kuwaeleza kwa upole wasiogope.

Alipoinua macho kumwita anayefuata, aliyekaa mbele yake alikuwa Ludovick.

Alikunja mkono wa lile shati lililopigwa pasi. Evodia akapima, akasoma kimyakimya, akamgeuzia mashine aone mwenyewe. Ilikuwa juu, si kama ya mzee ilivyokuwa, lakini juu.

"Nakunywa kila siku," Ludovick alisema. "Tangu nilipoanza. Baba yangu alikufa kwa kiharusi, dada. Niliposoma habari za kitu hiki nililia. Nilitaka iwe kweli."

Evodia alikuwa ameandaa maneno makali kwa ajili ya mtu huyu, ameyabeba wiki nzima. Hakuyapata tena. "Najua," alisema. "Pengine siku moja wataalamu watapata kitu ndani yake cha kumsaidia mtu. Siku hiyo nitakiuza mimi mwenyewe. Kesho nenda kamwone daktari. Una umri mdogo, utatulia upesi."

Ludovick alitikisa kichwa kukubali. Alipoinuka alikwenda bandani kwake, akapanda kwenye kiti, na kwa mikono yake mwenyewe akaanza kuyabandua mabango.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima walipoondoka Nzuguni. Mzee Bartolomayo alikataa kukaa mbele na dereva, akamwachia Ernest na Tumsifu nafasi hiyo. Alipanda nyuma ya lori pamoja na wakulima wenzake na makreti matupu, Loisi upande mmoja, Evodia upande mwingine, na njia nzima Yoramu alipiga zeze, wengine wakimwitikia kwa sauti zile za Kigogo zinazopandana juu kwa juu mpaka mtu haelewi nani kaanza na nani kamaliza. Waliokuwa wamenuna asubuhi ndio walioimba kwa nguvu zaidi.

Simu zilikuwa zimewatangulia. Walipofika Mpunguzi wanawake walikuwa wamejaa barabarani, ngoma zao zimeshikwa katikati ya magoti, tayari. Vigelegele vikapaa. Bartolomayo aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama sawasawa, fimbo ikaachwa ndani, akaingia katikati akitikisa mabega.

"Baba, taratibu!" Evodia alipiga kelele. "Presha!"

"Mwache," alisema Loisi, machozi na kicheko pamoja. "Amekunywa vidonge vyake."

Wanawake hawakumwacha Evodia abaki pembeni. Walimshika mikono wawili wawili, wakamfunga kanga kiunoni, wakamsukuma mbele ya mstari, yeye mtu wa Muleba asiyejua hatua hata moja ya ngoma ile. Mzee akageuka, akamwona, akapaza sauti juu ya ngoma zote.

"Mguu wa kulia, mama Tumsifu! Wa kulia!"

Evodia akatanguliza wa kushoto. Kijiji kizima kikacheka, naye akacheka nao, akaendelea kucheza.